Kumpeleka mbwa shoo za nje ukitokea Unguja: anza na mikono

Assalaam alaykum jamani. Hili swali nimeulizwa na watu wa Fumba, wa Bububu, juzi kapiga mmoja kutoka Chake, wote wanasema hivyo hivyo: nna mbwa wa mbegu, ana karatasi zake, mzuri kila mtu anamsifu, nataka nimpeleke maonesho ya nje, nianzie wapi na huko kuna tofauti gani na kwetu. Basi naandika yote pahala pamoja, marefu kidogo mnisamehe, maana ukikosea jambo moja dogo unapoteza miezi minne au unapoteza safari nzima.

Mie mwenyewe nafuga ridgeback, mbegu ile yenye mstari wa manyoya mgongoni, dume, anaitwa Kusi, nilimpata mtoto kutoka Nairobi na karatasi zake. Nimempeleka shoo Nairobi. Na kabla ya hapo nilikaa Uingereza miezi kadhaa namsaidia mama mmoja aliyekuwa akiishi huku kwetu akarudi kwao na ridgeback wake wawili, nikenda nae shoo kadhaa za huko na mara moja tukavuka mpaka Uholanzi. Ninayoyasema nimeyaona kwa macho.

Kwanza elewa kwetu mbwa anaoneshwa vipi, maana kuoneshwa anaoneshwa ila hatuiti shoo. Ami yangu Makunduchi ni msasi, anakwenda na wenzake maweni kuwinda nguruwe mwitu wanaomaliza mihogo ya watu. Ukimpelekea mbwa ukamwambia ami huyu mzuri, hamtazami mgongo wala meno. Anamwachia kichakani na wenziwe, alafu anakaa kimya anasikiliza. Mbwa akibweka na hapana kitu, huyo muongo, anarudishwa kwa mwenyewe. Akinyamaza mpaka ashike harufu kweli ndo abweke, huyo anapata jina na kijiji kizima kitamjua. Na huku mjini mbwa wa ulinzi ni hivyo hivyo, watu wanataka mkubwa, mweusi, anguruma mtu akipita ukutani. Kwa hiyo kwetu mbwa anapimwa kwa kazi, na mbwa mkali ndo mbwa.

Nje, jaji hamuulizi mbwa anafanya kazi gani. Ana maandishi, kila mbegu ina maandishi yake yanayosema awe na urefu gani, kichwa vipi, bega limelala vipi, mkia unakaa wapi, tabia ikoje, na yeye anamlinganisha mbwa wako na yale maandishi. Hata kama mbwa wamesimama kumi hawashindani wao kwa wao hasa, kila mmoja anashindana na ile karatasi. Ridgeback kwa mfano, dume awe sentimita 63 mpaka 69 begani, jike 61 mpaka 66, na ule mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni uwe na taji mbili tu, yaani vizingo vya manyoya, zikabiliane, si moja wala tatu. Mbwa wako anaweza kuwa amekamata wezi wanne hapo Mombasa kwa Mchina, mtaa wa hapa Unguja, jaji hana habari nae akiwa na taji tatu.

HATUA YA KWANZA, karatasi. Bila cheti cha nasaba kilichosajiliwa na chama kinachotambulika hakuna kuingia kwenye ringi ya uzao, ule uwanja jaji anapowapima mbwa wa mbegu, hata mbwa awe mzuri kama picha. Ukinunua mtoto dai karatasi siku hiyo hiyo, usikubali "zitakuja". Nyingi haziji. Pili mtazame kama dume ana korodani zote mbili zimeshuka, maana jaji atazipapasa, na ikiwa moja haipo shoo za Ulaya safari yake imeishia hapo. Mbwa wetu wa koko hawaingii kwenye ringi hizi, na wapo koko wazuri sana mnawaona wenyewe, ila Uingereza kuna mashindano ya machotara yanaitwa Scruffts, ya chama kile kile kikubwa cha mbwa cha huko kinachosimamia shoo za mbegu, kwa hiyo si kweli kwamba nje koko hana thamani.

HATUA YA PILI, mikono. Hapa nataka nikae sana maana hapa ndo penye siri yote kwa mbwa wa kwetu.

Mbwa wa London anapanda basi. Anaingia mgahawani, analala chini ya meza, mpaka atimize miezi sita keshaguswa na watu wasiohesabika, watoto, vizee, watu wenye miwani na fimbo na miamvuli. Mbwa wa Unguja anaguswa na watu wawili. Wewe na kijana anaemlisha. Wengine wote akipita wanakusanya nguo zao, watoto wanakimbia au wanarusha jiwe, na siwalaumu, sisi ni Waislamu na Mashafii, mate ya mbwa ni najisi nzito, kuosha mara saba na moja kwa udongo, mtu anakwenda zake kusali hataki usumbufu. Lakini matokeo yake mbwa anakua akijua kitu kimoja, kwamba mtu asiyemjua hamsogelei, na akimsogelea basi kuna shari. Alafu wewe unampeleka kwenye ringi, anakuja mtu asiyemjua, anamsogelea moja kwa moja kwa mbele na kumshika mdomo.

Niliyaona Nairobi. Jaji alikuwa mama mtu mzima, mpole, kavaa kofia pana. Kusi kasimama vizuri, miguu yote minne pahala pake, nikasema leo leo. Mama akaja, akampa mgongo wa mkono anuse, sawa. Akamfunua midomo akatazama meno, Kusi akavumilia, nikaona ngozi ya mgongoni inamcheza kama anafukuza nzi. Akapita begani, akapitisha kidole juu ya ule mstari taratibu mpaka kwenye taji, mpaka hapo bado. Mkono ulipofika nyuma, chini ya mkia, Kusi akakaa. Akakaa kabisa matako chini. Mama akangoja, nikamsimamisha, akajaribu tena, na mara hii Kusi akageuka akaniingiza kichwa baina ya magoti yangu na akabaki hapo. Hakunguruma, hakuuma. Mama akasema haya mzungushe, nikamzungusha, tukawa wa mwisho kati ya wanne. Mbwa hana kosa lolote la mwili, wa kwanza siku ile hakuwa bora kuliko yeye kwa umbo, mwenyewe mwenye mbwa alinambia. Kosa lilikuwa langu, sikumfundisha mikono.

Kwa hiyo fanya hivi, na uanze akiwa mtoto, ila hata mkubwa inawezekana, inachukua muda tu. Wiki mbili za mwanzo ni wewe mwenyewe, kila siku jioni kabla ya chakula, mdomo, masikio, kila kidole cha mguu, mkia, korodani, kwa mpangilio ule ule wa jaji kutoka mbele kwenda nyuma, na kila akitulia unampa kipande cha maini. Maini ya ng'ombe chemsha, katakata vipande kama punje ya mahindi, yakaushe kidogo kwenye kikaango yasitoe maji mfukoni. Baada ya hapo tafuta watu. Daktari wa mifugo ukimpeleka chanjo muombe amshike dakika mbili za ziada. Walinzi kutoka bara, wengi hawana tabu na mbwa. Wazungu wa Paje na Nungwi, hao wenyewe wanakuomba wamshike, waelekeze tu wamshike vipi, kwanza mkono anuse, alafu kifua, si juu ya kichwa. Jaribu wanaume na wanawake, wenye kofia, wenye miwani ya jua, mtu mrefu, mtu anaenukia manukato.

Na majirani msiwasahau. Jirani yangu mzee mmoja hashiki mbwa na mie simlazimishi hata siku moja, lakini alikubali kila baada ya alasiri aje mpaka hatua moja mbele ya Kusi, asimame, ainame kidogo, anyooshe mkono juu ya mgongo bila ya kugusa, alafu aondoke. Masheikh wetu wanatufundisha kikavu kwa kikavu najisi haihami, lakini yeye hakutaka na ni haki yake, na ule mkono wa hewani ulimsaidia mbwa kuliko watu kumi waliomshika, maana alijifunza kwamba mtu akija karibu hapana jiwe. Siku ya mwisho yule mzee alimwambia "haya safiri salama", nilifurahi sana.

Kelele nayo ni sehemu ya hatua hii. Shoo nyingi za Ulaya zimo ndani ya kumbi, spika zinalia, mbwa maelfu, sakafu ya saruji imetandikwa zulia. Mbwa alozoea mchanga wa pwani akikanyaga zulia hilo anatembea kama anakanyaga miba. Mzoeshe saruji, tafuta uwanja wa skuli jioni kwa ruhusa. Na kelele, usimuingize Darajani sokoni, ni kuwakera watu na kumtia mbwa hatarini, mkae ndani ya gari pembeni madirisha wazi nusu saa, asikie wapigadebe na honi, ampe kila mtu macho, bas inatosha.

HATUA YA TATU, kusimama na mwendo. Mbwa anakuwa mkono wako wa kushoto, kamba nyembamba, na ringi mnazunguka kinyume cha saa ili jaji aliyesimama katikati amuone mbwa na si wewe. Mwendo wanaoutaka ni ule wa kati, si kutembea si kukimbia, mtazame punda wa gari akiwa mtupu anarudi nyumbani jioni, ule mwendo wake wa telki mwepesi ndo huo huo. Jaji atakuonesha kwa mkono, mara nenda moja kwa moja urudi, mara zungusha pembe tatu, mara zunguka duara. Usiingie baina ya mbwa na jaji. Pwani maji yakitoka mchanga ukiwa mgumu ndo pazuri pa mazoezi, alafu rudi nyuma utazame nyayo zake, ukiona za nyuma zinakwenda upande ujue unakwenda kasi mno au unamvuta kamba.

Kusimama, miguu ya mbele wima chini ya bega, ya nyuma imerudi kidogo na vifundo vimesimama wima, kichwa juu. German shepherd yeye ana mkao wake, mguu mmoja wa nyuma unakuja mbele chini ya tumbo, usimsimamishe kama ridgeback. Kila mbegu ina desturi yake, tazama video za mbegu yako kutoka nchi unayokwenda.

HATUA YA NNE, chanjo na damu na vibali. Hii inachosha lakini ndo wengi wanaangukia hapa. Kwa Ulaya na Uingereza, ukitokea Tanzania, mpangilio ni huu na hauwezi kugeuzwa. Kwanza chipu, kidude cha utambulisho chenye namba ya tarakimu 15, inawekwa shingoni chini ya ngozi. Chipu ndo ya mwanzo kabla ya chanjo, ukichanja kabla ya chipu hiyo chanjo haihesabiki. Pili chanjo ya kichaa cha mbwa, mbwa awe ametimiza wiki 12. Tatu zisipungue siku 30 baada ya chanjo anatolewa damu inapelekwa maabara inayotambuliwa na wao, kiwango cha kinga kiwe 0.5 IU/ml au zaidi. Nne, kuanzia siku ya kutoa damu unangoja miezi mitatu mizima ndo anaruhusiwa kuingia. Jumlisha mwenyewe, mwezi na miezi mitatu, ni minne, na hapo hujahesabu damu kusafiri. Uingereza inaengeza dawa ya minyoo, daktari ampe yeye mwenyewe na aandike saa, baina ya masaa 24 na 120 kabla ya kufika. Ukimpa mapema mno au ukachelewa anazuiliwa. Na Uingereza kwa ndege mbwa haingii kabini na abiria, anakwenda kama kago, kwa hiyo kizimba chake awe anaweza kusimama bila kichwa kugusa juu, kugeuka na kulala. Mzoeshe kizimba miezi, alale humo, ale humo.

Watu wananiuliza kwa nini wazungu wakali hivyo na kichaa cha mbwa. Waulize watu wa Pemba. Kule mbwa walichanjwa mwaka hadi mwaka, ugonjwa ukamalizika kabisa, alafu mwaka 2016 ukarudi kwa kuingia kutoka nje ya kisiwa, wakapigana nao tena mpaka 2018 ndo ukakatika. Mbwa mmoja ndani ya jahazi anatosha kurudisha kazi ya miaka. Kwa hiyo mie nikiulizwa karatasi sikasiriki.

Hapa kwetu kumbuka mifugo si jambo la Muungano. Zanzibar ina ofisi yake na kibali chake, bara wana chao, usifikiri cha Dar kinatosha. Omba kibali cha kutoka na hapo hapo ulizia cha kurudi, maana kuna mtu alitoka vizuri akakwama kurudi. Kenya nayo inataka kibali cha kuingiza mnyama kutoka idara yao ya mifugo, kiwe mkononi kabla hujaondoka. Usafiri wa kuvuka ulizia siku kadhaa kabla. Mie boti moja ya abiria ilinikatalia pale gatini, tiketi ninayo, vibali ninavyo, wakasema abiria hawatakubali, nikangoja siku mbili nikaondoka na meli ya mizigo. Siku mbili hizo zilikuwa akiba yangu niloiweka, nisingeiweka nisingefika shoo.

HATUA YA TANO, anzia Nairobi. Usiruke moja kwa moja Ulaya. East Africa Kennel Club ndo chama cha jirani yetu, wanafanya shoo zao pale Jamhuri Park, ni nje, kwenye nyasi, hewa ya baridi kidogo kwa mbwa wa pwani lakini si mbaya. Watu wanakusaidia, wanakuonesha. Mbwa wachache kwa kila mbegu, kwa hiyo unapata nafasi ya kupumua na kukosea. Fomu zinafungwa mapema kabla ya siku yenyewe, na nchi nyingi ndo hivyo, usitegemee kulipia mlangoni. Lakini mbwa wachache kuna hatari yake pia, unaweza kushinda mbegu yako maana mko wawili tu, ukarudi Unguja ukaamini una mbwa wa dunia. Uholanzi nilihesabu ridgeback darasa moja tu la majike wakapita ishirini.

HATUA YA SITA, jua unaingia ringi ya aina gani, maana mchele mmoja mapishi mbalimbali. Nje si pahala pamoja.

Uingereza jaji anawapanga. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuna anaepewa gredi. Anawaangalia wote kimya, anamshika kila mmoja, wanatembea, alafu ananyoosha kidole, imekwisha, unatoka na hujui kwa nini. Maelezo anaandika baadae ya wale wa juu tu. Kuwa chempioni pale unahitaji Challenge Certificate, cheti cha dume bora au jike bora wa mbegu, tatu kutoka kwa majaji watatu tofauti, na moja kati ya hizo mbwa awe ameshapita miezi 12, na kwa mbegu yenye mbwa wengi ni kazi ya miaka. Kwenye Crufts, shoo yao kubwa kabisa, mbwa anakuwa na kibanda chake ukumbini na anakaa humo watu wanapita kumtazama, tena wanamshika, ndo nnaposema mikono mikono. Crufts yenyewe ni siku nne mwezi wa Machi pale NEC Birmingham, ipo tangu 1891, hapo NEC tangu 1991, na huendi kwa kutaka, mbwa awe amefuzu, na mbwa wa nje awe na namba ya ruhusa ya kushindana kutoka chama chao. Mie niliingia kama mtazamaji, nilisimama pembeni mwa ringi ya ridgeback masaa mazima miguu ikaniuma na sikutaka kuondoka.

Ulaya bara, zile nchi zilizo chini ya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, ni mambo mengine. Pale kila mbwa anapewa gredi yake, bora kabisa, nzuri sana, nzuri, inatosha, na jaji anasema kwa sauti na karani anaandika, kichwa hivi, bega hivi, mwendo hivi, na ile karatasi unapewa. Kwa mtu anaejifunza hakuna kitu kizuri kama karatasi ile. Unaweza kushindwa na ukaondoka na elimu. Ubingwa wao wa kimataifa ni CACIB, cheti cha ushindi kwenye shoo zao za kimataifa, nne, nchi tatu tofauti, majaji watatu, na baina ya ya kwanza na ya mwisho upite mwaka na siku moja, hii kwa mbegu zisizodaiwa mtihani wa kazi. Ndio, zipo mbegu mpaka uoneshe anafanya kazi, German shepherd mmoja wapo, na hapo ami yangu wa Makunduchi angefurahi.

Marekani wanahesabu pointi, 15 ndo chempioni, na ndani yake lazima ushinde mara mbili zile kubwa za pointi tatu au zaidi kwa majaji tofauti. Maelezo ya kuandikwa hakuna. Na mbwa alohasiwa haingii ringi hii.

Rangi za tepe nazo zijue. Uingereza nyekundu ndo ya kwanza na buluu ya pili, Marekani buluu ndo ya kwanza na nyekundu ya pili. Mie nilizoea video za Marekani, yule mama alipopewa buluu Uingereza nikampongeza kwa ushindi mbele ya watu na yeye alikuwa kashika wa pili, akaona haya. Jifunze kabla.

Na Ujerumani usishangae kwenye shoo za German shepherd, jamaa wa mwenye mbwa wanakimbia nje ya ringi wanamwita mbwa kwa jina, wanapiga filimbi, ili avute mbele masikio juu. Uingereza na Marekani ukifanya hivyo umevunja kanuni, unaweza kutolewa. Kitu kimoja, pahala pamoja ni desturi na pengine ni kosa.

HATUA YA SABA, mkia na masikio, naomba sana. Huku kwetu mtu akinunua rottweiler au doberman cha kwanza anatafuta wa kumkata mkia, na masikio. Acheni. Uingereza mbwa alokatwa masikio haingii shoo za chama chao hata kama alikatwa nchi nyengine. Mkia, England mbwa alokatwa kuanzia tarehe 6 Aprili 2007 haoneshwi kwenye shoo ambayo watu wanalipa kiingilio. Uholanzi na Ujerumani nako marufuku kumuonesha. Marekani bado wanakubali. Kwa hiyo ukimkata umejifungia mlango wa Ulaya kwa mkono wako, na mbwa kapata maumivu bure. Nilishamuona mtoto wa doberman wa wiki chache hapa Unguja masikio yamefungwa kwa kitambaa cha kanga, usaha unatoka, analia usiku kucha. Mwenyewe anasema ndo sura yake. Sura yake ni aliyozaliwa nayo.

HATUA YA NANE, siku yenyewe na ibada zako. Chukua nguo mbili. Moja ya ringi, suruali na koti lenye mfuko wa kuingia mkono vizuri kwa maini, viatu vya chini visivyoteleza. Ya pili safi, iwe ndani ya mfuko wake umefungwa, isiguse vitu vya mbwa, hiyo ya kusalia. Maji na udongo kidogo msafi kwenye kopo, mie nabeba, mbwa akinilamba mkono naosha inavyotakiwa na siku yangu inakwenda. Uliza mapema kama kuna chumba cha utulivu. Yule mama wa Kiingereza ndo alikuwa akinikumbusha wakati, ananambia nenda namshika mie, kwa hiyo usione haya kumwambia mwenzio kwamba una sala.

Mbwa usimpe chakula kizito asubuhi. Mpeleke atembee, ajisaidie, okota mwenyewe, mifuko ubebe, huko ukiacha unatozwa. Machi Birmingham ni baridi ya kuuma, ridgeback wetu manyoya yao mafupi, mnunulie koti, si mapambo ni haja. Ikifika zamu yake pumua kwanza wewe, mkono wako ukitetemeka unashuka kwenye kamba mpaka shingoni kwake. Jaji akitoa hukumu, shika mkono aloshinda, umpongeze, utoke. Kubishana na jaji ringini hakupo huko, hata akiwa amekosea, na mtu wa kwetu alozoea ngalawa na bao na mpira ambapo kila uamuzi una kesi hapa atabanwa.

Ukisharudi nyumbani mtazame kupe na maji yake siku za mwanzo, alafu chukua kalenda uandike tarehe ya chanjo ijayo kwa wino mwekundu. Chanjo ikirudiwa kabla ya ile ya mwanzo kwisha muda, kipimo cha damu kinabaki halali na safari ijayo hungoji tena miezi mitatu. Ikipita hata siku, unaanza upya, chanjo, siku 30, damu, miezi mitatu. Mwenzangu mmoja wa Bububu alichelewa siku nne kwa sababu ya harusi, na shoo ya Uholanzi alokuwa ameilipia fomu ikampita yupo nyumbani.